Magurudumu Matatu na Vipuri vya Kuazima

Mimi ni fundi wa tuktuk, Changamwe. Kuiita karakana mahali ninapofanyia kazi ni kupaheshimu tu: paa la mabati chini ya mkungu, meza ya chuma, sanduku la spana, na kreti tupu za soda za kukalia wateja. Nikifika asubuhi nakuta tuktuk imeshasukumwa hadi hapo, dereva amelala ndani, miguu nje. Dereva hatakuambia kwamba klachi imekwisha. Atakuambia, "Fundi, hii yapanda mlima wa kutoka Makupa kwa kulia, lakini Jomvu yenda bila maneno." Ni juu yako kuelewa kwamba injini yapiga kelele ila nguvu haifiki kwenye magurudumu, na kwamba leo utafungua klachi.

Naandika haya kwa sababu viwanda vya magari huzungumziwa kama mambo ya mawaziri na wawekezaji peke yao. Utepe hukatwa, picha hupigwa, miaka ikapita, na hakuna anayeuliza lile gari liko wapi. Sisi tunaolala chini ya magari tuna la kusema pia. Langu ni hili: kiwanda kidogo cha magari huishi kwa kuazima. Huazima injini kwa huyu, ekseli kwa yule, nafasi kutoka kwa sheria, na mikono ya fundi wa mtaani ambaye hakikumwajiri. Siku kinapotaka kila kitu kiwe chake, au siku ile nafasi inapozibwa na mwingine, kinakufa, hata kama gari lake lilikuwa zuri.

Anza na tuktuk yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Piaggio huko Italia kilikuwa kimetoka katika kutengeneza ndege. Mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, aliyekuwa amejishughulisha na helikopta, akabuni pikipiki ya Vespa mwaka 1946. Mwaka 1948 ikatoka Ape: mbele Vespa, nyuma magurudumu mawili na kitanda cha mizigo. India nako kampuni ya Bajaj ikapata leseni ya Piaggio, ikatengeneza pikipiki na vigari vya magurudumu matatu kwa michoro ya Waitaliano. Leseni ilipokwisha mwaka 1971 Bajaj ikabaki na ujuzi na ikaendelea kwa jina lake. TVS ikaingia sokoni baadaye na King yake. Kwa hiyo Bajaj, TVS na Piaggio zinazogombania abiria pale Likoni zikitoka kwenye feri ni watu wa ukoo mmoja, na mimi nikizifungua nauona ukoo huo. Mkono wa kushoto una klachi, na mkono huohuo ndio unaozungushwa kubadilisha gia, kama kwenye Vespa ya zamani. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja. Bajaj na King za petroli zina silinda moja tu, injini ya karibu sentimita za ujazo 200, imelala nyuma chini ya mgongo wa abiria. Gari zima halifiki kilo 400.

Habari za ndugu yao wa Kiingereza nilipewa na baharia mstaafu wa Likoni, mzee niliyemwita ami ingawa hatuna nasaba. Alikuwa na tuktuk aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake, akaja nayo mwenyewe badala ya kumtuma dereva, akakaa kwenye kreti akinitazama. "Hizi mwaziona ni za kisasa," akasema. "Waingereza walikuwa nazo zamani, zina milango na vioo na usukani wa mviringo. Na wao wenyewe wakizicheka." Baadaye akaniletea kitabu cha mafundi cha Haynes, kurasa zake zimeshika mafuta ya mikono ya watu nisiowajua, chenye michoro ya Reliant Robin iliyofunguliwa hadi nati ya mwisho. Mtu wa kazi yangu akipewa kitabu kama hicho hasomi hadithi. Anatazama mahali bering inapokaa, anaangalia kama injini yaweza kutolewa bila winchi, na anamjua aliyelichora: kama aliwahi kuchafuka mikono au hakuwahi.

Aliyeianzisha Reliant aliwahi. Tom Williams alikuwa mtu wa Raleigh, wale wa baiskeli. Raleigh ilikuwa ikitengeneza pia vigari vya magurudumu matatu, na katikati ya miaka ya 1930 ikaamua kuviacha. Williams hakukubali kwamba biashara ile imekufa. Akaunda gari lake la kwanza nyumbani kwake, mji wa Tamworth, likapata usajili Januari 1935, na mwaka huohuo akaanza kuuza vigari vya mizigo. Lilikuwa na uma wa mbele kama wa pikipiki na injini ya JAP ya silinda moja. Inasimuliwa kwamba alichagua jina linaloanza na R kwa sababu vipuri alivyokuwa navyo vilikuwa vimeshapigwa chapa ya R ya Raleigh, na hakuona sababu ya kuvitupa. Simulizi hiyo naiamini bila shahidi, kwa sababu hata mimi nina debe la nati za magari yaliyokwisha kufa na sitalitupa.

Injini za JAP zilipomshinda nguvu, Williams hakukimbilia kuchora yake. Alinunua ya Austin Seven, injini ya silinda nne iliyokuwa imeenea Uingereza nzima na kila fundi wa kijiji akiijua. Mwaka 1939 Austin ikaacha kuitengeneza. Hapo ndipo Reliant ikaichukua na kuanza kuitengeneza yenyewe, ikaendelea nayo hadi mwaka 1962, ilipotoa injini yake ya kwanza, ya alumini tupu, ya karibu sentimita za ujazo 600. Tazama muda huo. Zaidi ya miaka 20 kampuni ilijifunza kwa injini ya mwenzake, ikajua inapasuka wapi na inavuja wapi, ndipo ikathubutu kuchora ya kwake. Na ilipochora, haikuchora kitu cha ajabu. Ilichora kitu chepesi, kwa kuwa uzito ndio uliokuwa riziki yake.

Nieleze hilo la uzito, maana ndipo sheria inapoingia. Uingereza gari la magurudumu matatu lisilozidi takriban kilo 400 lilihesabiwa karibu na pikipiki. Ushuru wake wa barabara ulikuwa mdogo, na mwenye leseni ya pikipiki aliruhusiwa kuliendesha. Mfanyakazi aliyekuwa na pikipiki yenye kigari cha pembeni, akaoa, akazaa, mvua ikimnyeshea na watoto, alipata paa bila kurudi kwenye mtihani wa udereva. Reliant ikatoa Regal mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa watu hao. Ili uzito usizidi, bodi ikafanywa ya fiba kuanzia katikati ya miaka hiyo. Robin ikafuata mwaka 1973. Kila kilo iliyoongezwa ilikuwa na bei, si ya petroli tu bali ya sheria.

Sisi huku tuna nafasi ya namna hiyo, ila wengi hawajaitambua kama nafasi. Leseni za udereva za Kenya zinaiweka tuktuk kwenye kundi la A3, pamoja na pikipiki za abiria. Kijana aliyeanza na bodaboda Kisauni akapanda hadi tuktuk hajabadilisha ukoo. Amepata paa na viti vitatu vya abiria. Matatu kubwa inataka barabara pana, kondakta na mtaji mkubwa. Boda inamtisha mama mwenye mtoto na kapu la soko la Kongowea. Katikati ya hao wawili kuna pengo, na tuktuk imekaa hapo. Kwenye vichochoro vya Mtopanga na Bombolulu, kwenye njia za mchanga za Mtongwe, kutoka stesheni ya reli ya Miritini iliyofunguliwa mwaka 2017 hadi mitaa ya jirani, hakuna gari jingine la abiria lililoumbwa kwa kazi hiyo.

Waingereza walikuwa na mzaha kwamba Robin hulala ubavu kila kona. Jeremy Clarkson wa kipindi cha televisheni cha Top Gear aliipindua mara nyingi mbele ya kamera, na miaka baadaye akakiri kwamba gari lilikuwa limechezewa ili lipinduke. Lakini mzaha huo una ukweli ndani yake, na ukweli huo naushughulikia kila wiki. Gari lenye gurudumu moja mbele husimama juu ya pembetatu. Ukifunga breki huku umekata kona, uzito unakimbilia mbele na kando, kule ambako pembetatu ni nyembamba, na hakuna gurudumu la kuupokea. Ongeza masanduku ya abiria wa treni yaliyofungwa juu ya paa, na shokomzoba ya nyuma iliyokufa upande mmoja. Madereva wangu nawaambia jambo moja tu: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na shokomzoba za nyuma nazibadilisha mbili kwa pamoja, hata mwenye gari akilalamika. Hilo si kosa la Wahindi wala la Waingereza. Ni bei ya kuwa na gari jepesi, na anayeuza gari la namna hii anapaswa kumfundisha mwendeshaji wake bei hiyo.

Jambo jingine nililoliona kwenye kitabu cha ami ni fiba. Tuktuk zetu ni za bati, na Mombasa bati halina rafiki. Zinazovuka feri ya Likoni kila siku na zinazolala karibu na maji huoza kwanza sakafu chini ya miguu ya dereva, kisha mahali mkono wa nyuma unaposhika bodi. Hapo ndipo kazi yangu kubwa ya kuchomelea ilipo: kukata kipande, kupiga bati jipya, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kukirudisha. Fiba haiozi. Na fiba si ngeni kwa watu wa Pwani. Mafundi wa boti wanaijua, matangi ya maji yanatengenezwa nayo. Mtu akinipa chasi imara ya chuma, mafundi wa boti wa Mombasa wataivalisha bodi isiyojua chumvi. Lakini fiba hupasuka ikigongwa, na Reliant iliponea kwa kuwa viraka vyake vilifanyika hata nyuma ya nyumba. Hapo tena ni lilelile: gari liliazima mikono ya mtaani.

Reliant haikuishia kwao. Iliuza ujuzi wa fiba na wa magari mepesi kwa kampuni za nchi nyingine. Uturuki ilipata Anadol mwaka 1966 kwa msaada wake. Israeli ilifanya nayo kazi pia. Ugiriki ilitengeneza gari lake la mizigo la magurudumu matatu, na India ikauza Dolphin, iliyotokana na Reliant ndogo ya magurudumu manne. Huko ni kuingia kwenye uundaji wa magari kwa mlango wa nyuma: bodi kwanza, injini baadaye.

Na mlango wetu? Uko Miritini, mwendo mfupi kutoka hapa. Kiwanda cha AVA kinaunganisha magari tangu miaka ya 1970. Viko vitatu vya zamani vya namna hiyo Kenya: AVA Mombasa, KVM ya Thika iliyokuwa Leyland, na kile cha Nairobi kilichokuwa General Motors na sasa ni Isuzu. Gari hufika bandarini Kilindini limo ndani ya masanduku, vipande vipande. Kiwandani huchomelewa, hupakwa rangi, hufungwa, likatoka likiwa na jina la mwenye chapa. Malori, pikapu za kazi, na magari ya chapa tofauti hupita katika mikono ileile. Vijana waliopitia viwanda vya aina hiyo wakija jua kali utawajua kwa namna wanavyokaza nati: kwa kipimo, si kwa hasira. Hiyo ni faida ambayo haiandikwi kwenye taarifa za biashara. Kiwanda kinaazima kazi kwa chapa za nje, na mtaa unaazima mikono kwa kiwanda.

Mara kadhaa Wakenya tumetaka kuruka hatua hiyo. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa Kasarani. Yalitengenezwa machache ya majaribio, likakimbia, watu wakashangilia. Uundaji wa kuuza haukuja. Wahandisi wetu walionyesha kwamba wanaweza, na heshima yao naitunza. Lakini shida ya gari haiko katika kulitengeneza moja. Shida iko katika lile la elfu, na katika pampu ya maji ya lile la elfu inapokufa saa tatu usiku huko Mtwapa.

Mwingereza mwingine alianza kinyume cha hivyo, kwa kuazima. Tony Howarth, mpiga picha na mtengeneza filamu, alitaka gari rahisi la barabara mbovu za Afrika, akaliita Africar. Bodi na chasi alizifanya kwa mbao za plai zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi, na mashine akaziazima kwa Citroën 2CV. Katika miaka ya 1980 magari yake yalisafiri kutoka Aktiki hadi ikweta, na safari hiyo ikaonyeshwa na televisheni ya Channel 4. Mtu wa Pwani akisikia gari la mbao hacheki. Babu zetu walivuka bahari kwa mbao zilizopigwa kalafati, na twajua kwamba mbao haiuawi na maji, huuawa na maji yanayokaa bila kutoka. Gari lile lilifika. Kampuni ndiyo haikufika. Badala ya kuendelea na mashine za Citroën ambazo tayari zilikuwa zimethibitika, ikataka injini na giaboksi zake yenyewe kabla haijauza magari ya kutosha kuzilipia. Mwaka 1988 ikaanguka. Williams alivumilia zaidi ya miaka 20 na injini ya mtu. Howarth hakuvumilia hata mitano.

La karibu zaidi nasi ni Mobius. Joel Jackson, naye Mwingereza, alikuwa akifanya kazi na wakulima wa miti huko Kilifi alipoona jinsi barabara zinavyowatesa watu wa vijijini, akaamua kuunda gari la Kiafrika lisilo na vikorombwezo. Fremu ya mabomba ya chuma, injini ya petroli ya lita 1.6, hakuna kiyoyozi, nafasi kubwa ya mizigo. Mobius II iliingia sokoni katikati ya miaka ya 2010 ikitangazwa kwa shilingi 950,000, na ikaunganishwa Thika. Baadaye ikaja Mobius III, gari la fahari zaidi, bei karibu milioni 4. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafungwa kwa hiari, na baada ya siku chache ikasema imepata mnunuzi.

Mobius iliazima kwa busara: injini haikuibuni, na mwanzoni kiwanda cha kuunganishia haikukijenga. Basi hoja yangu imevunjika? Hapana, ila inadai nusu yake ya pili. Reliant ilikuwa na pengo lililolindwa na sheria. Mobius ilisimama mahali palipokuwa na mwenyewe. Kenya inaruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8, nayo yanashuka Kilindini kila wiki. Kwa pesa za Mobius II mtu alipata Toyota Probox. Probox haikuchorwa kwa ajili ya barabara za Ganze, lakini inazipita, imebeba miraa, magunia na abiria kupita kiasi. Na ikiharibika? Kila duka la spea kutoka Kongowea hadi Ukunda lina kitu chake, kipya au cha kuvunjwa. Wenye Mobius walikuwa wachache. Gari la watu wachache likivunjika kioo cha mbele au mkono wa mlango, hakuna lililokufa kando yake la kulitolea kipuri. Uchache wenyewe ni ugonjwa.

Mama mmoja wa Kisauni ana tuktuk ambazo nazitunza. Hajawahi kushika spana, lakini ni mjuzi wa biashara hii kuliko wengi wenye digrii. Nikimpigia simu kumwambia kitu kimeharibika, haulizi kwanza bei. Anauliza, "Mwanangu, yapatikana?" Tuktuk iliyolala haileti hesabu ya siku. Dereva atatafuta gari la mwenzake aendeshe, na akishaonja huko huenda asirudi. Kipuri cha bei mara mbili kilichoko dukani leo ni rahisi kuliko cha bei nusu kitakachokuja kwa meli. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa tuktuk ardhi hii ya Mombasa, na ndiyo iliyoziua ndoto nyingi za magari mazuri.

Kipuri kinachopatikana si lazima kiwe cha kampuni. Bering ni mfano mzuri. Bering yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47, unene 14, iwe imetoka Japani, India au China, iwe ya gari, pampu ya maji au mota ya umeme. Mchoraji mwenye akili anachagua namba zinazouzwa kila mahali, na akifanya hivyo amefungua maduka elfu bila kulipa kodi ya duka hata moja. Mchoraji mwenye majivuno anachagua kipimo chake, milimita 21 badala ya 20, na amemfunga mwenye gari kwenye mlango mmoja. Kisha wapo mafundi wa kukereza, wale wenye mashine za lethi. Mkerezaji mzuri atakutengenezea bushi, atajaza shafti iliyoliwa na kuirudisha kipimo chake. Lakini hawezi kukutengenezea kompyuta.

Hapo ndipo wasiwasi wangu wa sasa ulipo. Tuktuk za umeme zinakuja, na nazikaribisha. Hazina kabureta ya kuziba, hazina mafuta ya injini ya kumwaga, mota yake ni rahisi kuliko injini ninayoifungua. Kwa mwendo mfupi wa mitaa yetu, wa kusimama na kuondoka, zinafaa sana. Swali langu ni betri. Betri iliyofungwa kwa gundi, ikalindwa na programu ambayo kampuni peke yake ina ufunguo wake, ni ile milimita 21 iliyorudi kwa sura nyingine. Kampuni ikifungwa, kama Reliant ilivyoacha kutengeneza Robin mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenye gari atabaki na chuma kizima na kifua kitupu. Robin zingali zinatembea Uingereza leo kwa sababu mashabiki wake wanaweza kuzifungua wenyewe. Na katika miaka yake ya mwisho Reliant iligeukia kuuza vigari vya wengine, Ape ya Piaggio ikiwa kimojawapo. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana tuktuk niliyokuwa nimeifungua mezani siku hiyo ilikuwa Ape.

Vijana hunijia na michoro. Mmoja alitaka kutengeneza gari la kubebea maji Likoni, mwingine gari la wagonjwa la magurudumu matatu la kupita vichochoro vya Kisauni ambavyo ambulansi haiviingii. Siwavunji moyo. Nawaketisha kwenye kreti na kuwauliza maswali ya mama wa Kisauni. Injini ni ya nani, na nani mwingine anaitumia Mombasa? Bering ni namba gani? Leseni yake ni ya kundi gani, na nani anauza kitu cha kazi hiyo kwa bei ya chini? Ukifunga duka kesho, nitaitengeneza vipi kesho kutwa?

Anayejibu vizuri namwambia asianze na injini. Aanze na kinachokaa nyuma: kitanda cha mizigo, tangi, machela, turubai, viti. Hapa Changamwe vitu hivyo tayari tunavitengeneza, kwa chuma cha kawaida na mashine ya kuchomelea, tukavifunga juu ya Piaggio na TVS za watu. Auze hivyo kwanza, kwa miaka mingi kama riziki itaruhusu, hadi afahamu chasi ile inachoka wapi na mteja analia kwa nini. Wakati huo atakuwa na wateja, mafundi wanaolijua gari lake, na pengo ambalo amelipima kwa miguu yake. Akitaka kuchora chasi yake baada ya hapo, aje. Nitamkatia chuma cha kwanza mimi mwenyewe, na bei tutasikizana.